Mchezaji Naye ni Mfanyakazi: Wenye Klabu, Korti na Chama

(Maneno yaliyosomwa na Halmashauri ya Elimu katika mkutano wa wanachama. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu ya usiku.)

Ndugu wanachama,



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Ndugu mmoja fundi alisimama akasema kwamba matajiri wa kazi yetu katika mji huu wamepatana kwa siri. Mtu akitoka kwa tajiri huyu akaenda kuomba kazi kwa yule, haandikwi mpaka alete barua ya ruhusa kutoka kule alikotoka, na barua yenyewe haitolewi. Kwa hiyo fundi hubaki mahali pamoja, na mshahara wake nao hubaki pamoja naye. Kisha ndugu yule akaongeza neno ambalo wengi walilipigia makofi. Alisema, "Iko sheria inayokataza wafanyabiashara kula njama. Tuache kutoa ada ya chama. Fedha hizo tumpe wakili, twende kortini."

Hatukutaka kumjibu kwa haraka. Tulitafuta ni wafanyakazi gani duniani waliojaribu njia hiyo kwa muda mrefu, tukaona kwamba ni watu ambao wengi wetu hatuwahesabu kuwa wafanyakazi. Ni wachezaji wa mpira wanaolipwa. Tafadhali msicheke. Mambo yao yafanana na yetu kuliko mnavyodhani, na leo tutawaeleza yaliyowapata.

SHERIA YENYEWE

Mwaka 1890 Bunge la Marekani lilitunga sheria inayoitwa Sheria ya Sherman. Siku hizo matajiri wa mafuta, sukari na bidhaa nyingine walikuwa wameungana, wakipanga bei watakavyo. Sheria ile ikasema kwamba mapatano au njama yo yote ya kuzuia biashara isiende kwa uhuru ni kosa. Aliyeumizwa aweza kushtaki, na akishinda hulipwa mara tatu ya hasara yake.

Maana yake ni rahisi. Wauzaji wote wa sukari wakipatana bei moja, mnunuzi hana pa kukimbilia. Na wanunuzi wote wa kahawa wakipatana bei ya chini, mkulima naye hana pa kukimbilia. Sasa fikirini: tajiri wa kazi ni nani? Ni mnunuzi wa jasho letu. Basi matajiri wakipatana wasigombanie wafanyakazi, jambo hilo ni la jamii ile ile ya njama ya sukari na kahawa.

MICHEZO NI BIASHARA YA NAMNA GANI

Hapa pana ugumu mmoja, nasi hatutauficha. Mwenye duka la sabuni angefurahi kama jirani yake angefunga mlango asirudi. Lakini klabu ya mpira haiwezi kufurahi hivyo. Gor Mahia bila mpinzani ni watu kumi na mmoja wanaokimbia uwanjani bila mtu wa kuwazuia, na hakuna atakayelipa kiingilio kuwatazama. Klabu zashindana, lakini pia zahitajiana. Ni lazima zipatane siku za mechi, kanuni za mchezo na waamuzi. Sheria haina ugomvi na mapatano hayo.

Ubaya huingia wenye klabu wanapotumia mapatano hayo ya lazima kama blanketi, wakaficha ndani yake mapatano mengine ambayo mchezo hauyahitaji, yaani mapatano ya kuweka mishahara chini na kumfunga mchezaji mahali pamoja.

KIFUNGU CHA KUMSHIKA MCHEZAJI

Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Mwaka 1879 wenye klabu za mchezo huo walipatana kwamba kila klabu itaje wachezaji watano ambao klabu nyingine hazitawagusa. Baadaye mapatano hayo yakaenea kwa wachezaji wote, yakaandikwa ndani ya kila mkataba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini klabu ilikuwa na haki ya kuuongeza mwaka mwingine, na wenye klabu walisema kwamba mwaka ule wa nyongeza nao una haki ile ile ndani yake. Basi mwaka mmoja ukawa maisha. Mchezaji aliweza kuuzwa au kubadilishwa kwa mchezaji mwingine bila kuulizwa. Kama hakutaka, njia ilikuwa moja tu, nayo ni kuacha kazi ile kabisa.

Wazee wetu walijua kitu kama hicho. Tangu miaka ya 1920 Mwafrika mwanamume hapa Kenya alivaa kipande shingoni, nacho kiliandikwa jina la tajiri wake na mshahara wake. Asipotiwa sahihi ya kuachishwa, hakuweza kwenda kuandikwa kwingine kwa halali. Hatusemi kwamba mchezaji wa Marekani aliteswa kama wazee wetu. Twasema kwamba kufuli ilikuwa ya aina moja: mfanyakazi hatoki mpaka aliyemshika apende.

Wenye klabu walikuwa na hoja yao. Walisema kwamba mchezaji akiachwa huru, klabu tajiri itanunua mafundi wote na mashindano yatakufa. Hoja hiyo si ya kijinga, lakini tazameni matendo. Kifungu kile kikiwa na nguvu zake zote, klabu moja ya New York, yaani Yankees, ilichukua ubingwa miaka mitano mfululizo, tangu 1949 mpaka 1953. Kifungu hakikuwalinda wanyonge. Kililinda mifuko ya wenye klabu.

KORTI YAFUNGA MLANGO

Je, Sheria ya Sherman haikukivunja kifungu hicho? Mwaka 1922 shauri lilifika mbele ya Korti ya Juu kabisa ya Marekani. Majaji wote walisema kwamba sheria ile yahusu biashara inayovuka mipaka ya majimbo, na kwamba maonyesho ya besiboli si biashara ya namna hiyo. Timu zilipanda treni kutoka jimbo hata jimbo, viingilio vilikusanywa kila mahali, lakini majaji wakasema kwamba safari hizo ni jambo la pembeni tu.

Mwaka 1953 mchezaji mmoja aitwaye George Toolson alirudi mlangoni hapo. Korti ilikataa tena, ikasema kwamba kama pana kosa, Bunge ndilo lirekebishe. Halafu mwaka 1955 korti ile ile ikasema kwamba ngumi za kulipwa zimo ndani ya sheria, na mwaka 1957 ikasema hivyo hivyo juu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Basi bondia alikuwa na haki na mchezaji wa besiboli hakuwa nayo. Hata majaji wenyewe walikiri kwamba mambo hayo hayapatani.

FLOOD AENDA KORTINI

Sasa tumefika kwa mtu ambaye kila mwanachama afaa kulijua jina lake. Curt Flood alikuwa Mmarekani Mweusi, mchezaji hodari wa klabu ya St. Louis Cardinals. Aliichezea miaka kumi na miwili, akachukua nayo ubingwa mwaka 1964 na 1967. Oktoba 1969 akaarifiwa kwamba amepelekwa klabu ya Philadelphia. Hakuna aliyemwuliza. Mwezi wa Desemba alimwandikia mkuu wa mchezo huo, Bowie Kuhn, akisema kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, na kwamba ataka kusikia klabu nyingine zitampa nini kabla ya kuamua. Akakataliwa.

Wakati ule Flood alipata dola 90,000 kwa mwaka. Wako waliomcheka, wakauliza mtu wa mshahara huo alalamika nini. Jibu lake lilikuwa kwamba wingi wa fedha haumfanyi mtu kuwa huru ikiwa hana ruhusa ya kuchagua anayemfanyia kazi. Ndugu, tusimwonee mtu huyo kijicho tukakosa kuiona haki yake. Aliyefungwa kwa kamba ya hariri naye amefungwa.

Kabla ya kushtaki alikwenda kwenye chama cha wachezaji. Mkuu wa kazi za chama hicho tangu 1966 alikuwa Marvin Miller, mtu aliyetoka katika chama kikubwa cha wafanyakazi wa chuma. Miller hakumdanganya. Alimwambia kwamba yaelekea atashindwa, na kwamba hata akishinda, yeye mwenyewe hatapata kitu, kwa maana kazi yake itakuwa imekwisha. Flood akauliza kama wachezaji wa baadaye watafaidika. Akaambiwa ndiyo. Akasema twende. Chama kikakubali kulipa gharama za shauri.

Shauri lilipoanza kusikilizwa mwaka 1970, Jackie Robinson, Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuruhusiwa kucheza ligi kuu katika karne ya 20, alikuja kumtolea Flood ushahidi. Lakini wachezaji waliokuwa bado kazini hawakuja kuketi pamoja naye. Waliogopa. Jambo hilo latuuma, kwa sababu twajua jinsi chumba cha mkutano kinavyokuwa kitupu siku ambayo tajiri amekasirika.

Juni 1972 Korti ya Juu ilitoa hukumu, majaji watano kwa watatu. Ilikiri kwamba besiboli ni biashara inayovuka majimbo, na kwamba kuiacha nje ya sheria ni jambo la ajabu. Hata hivyo ikasema kwamba limekwisha kuwa hivyo tangu 1922, basi Bunge ndilo litengeneze. Flood akashindwa. Mwaka 1970 hakucheza kabisa. Mwaka 1971 alijaribu kurudi, akacheza mechi 13 tu akaacha. Alifariki Januari 1997. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, inayowapa wachezaji wa ligi kuu za besiboli haki ya kutumia sheria ya ushindani kama wenzao wa michezo mingine. Ilikuja miaka 28 baada ya shauri lake, na mwenyewe alikuwa kaburini.

CHAMA CHAFANYA KAZI YAKE

Kama hadithi ingekwisha hapo, tungewaambia mwende nyumbani mkalie. Lakini shauri la Flood likiwa kortini, chama kilikuwa kikifanya kazi nyingine isiyoandikwa sana magazetini.

Mwaka 1968 chama kilipata mapatano ya pamoja ya kwanza, na mshahara wa chini ukapanda kutoka dola 6,000 hata 10,000 kwa mwaka. Mwaka 1970 kilipata kifungu kilichoonekana kidogo: ugomvi juu ya maana ya mkataba usiamuliwe na mkuu wa wenye klabu, upelekwe kwa mwamuzi asiye wa upande wo wote. Mwaka 1972 wachezaji waligoma siku 13 kwa ajili ya fedha za uzeeni, wakaona kwamba wakisimama pamoja hawavunjiki.

Halafu mwaka 1975 wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walimaliza mwaka wa nyongeza bila kutia sahihi mkataba mpya. Chama kikaenda kwa mwamuzi kikasema: mkataba wasema mwaka mmoja, na mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Tarehe 23 Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz alikubali. Wenye klabu walimfukuza siku ile ile, wakakimbilia kortini, na korti ikawaambia kwamba wao wenyewe walikubali kuwa na mwamuzi. Mwaka 1976 pande mbili ziliandikiana kwamba mchezaji aliyefanya kazi miaka sita aweza kwenda apendako. Mwaka 1975 mchezaji kwa wastani alipata kama dola 45,000. Mwaka 1980 alipata zaidi ya 140,000.

Angalieni, ndugu. Kufuli ambalo korti ilikataa kulifungua tangu 1922 lilifunguliwa na maneno machache yaliyoandikwa katika mapatano ya chama.

Na liko jambo jingine la kuchekesha. Katika mazungumzo yale wenye klabu walitaka iandikwe kwamba wachezaji wasiungane wawili wawili kudai mshahara. Chama kikasema: sawa, lakini na ninyi wenye klabu msiungane. Wakatia sahihi. Miaka ya 1985 mpaka 1987 wenye klabu walikula njama ya kutowachukua wachezaji walio huru. Chama kikafungua ukurasa ule ule, kikawapeleka kwa waamuzi, na mwaka 1990 wenye klabu wakakubali kulipa dola milioni 280. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Sasa tumjibu ndugu yetu anayetaka tuache ada tushike wakili peke yake. Sheria ya ushindani ni upanga wenye makali mawili.

Kwanza, historia. Sheria ya Sherman ilitungwa kwa ajili ya matajiri, lakini iligeuzwa ikawapiga wafanyakazi. Katika mji wa Danbury chama cha washona kofia kiliwaomba watu wasinunue kofia za tajiri mmoja aliyekikataa chama. Mwaka 1908 Korti ya Juu ilisema kwamba hiyo ni njama ya kuzuia biashara. Wafanyakazi wakadaiwa mara tatu ya hasara ya tajiri, na nyumba zao na akiba zao za benki zikashikwa. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba hata umoja wa wafanyakazi ni mapatano ya kuzuia biashara. Mwaka 1914 Bunge liliandika katika sheria kwamba kazi ya binadamu si bidhaa, lakini ilichukua miaka mingine mingi kabla korti hazijaacha kuutumia upanga ule juu ya vyama.

Pili, siku hizi. Ili vyama visipigwe tena, majaji wa Marekani walisema kwamba penye chama na mazungumzo ya mishahara, sheria ya ushindani ikae kando. Hilo latufaa, lakini lina gharama. Mwaka 1987 wachezaji wa mpira wa Kimarekani waligoma siku 24. Wenye klabu wakaweka wachezaji wengine mahali pao, na mgomo ukavunjika. Walipokwenda kortini, mwaka 1989 wakaambiwa: ninyi mna chama, basi sheria hii si yenu. Ikawabidi watangaze kwamba chama chao si mnenaji wao tena. Ndipo mwaka 1992 wakashinda mbele ya baraza la raia, na mwaka 1993 wakarudisha chama na kutia sahihi mapatano ya kuwa huru. Na mwaka 1996 Korti ya Juu ikasema wazi kwamba wenye klabu waweza kupanga mshahara wa pamoja mazungumzo na chama yakikwama, na sheria ya ushindani haitawagusa.

Basi hata pale sheria iliposaidia, ni chama kilichoanza na ni chama kilichomaliza.

NA MPIRA WETU WA MIGUU JE?

Msidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Mpaka Januari 1961 mchezaji wa mpira Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma, awe fundi wa namna gani. Kipimo hicho kiliondolewa chama cha wachezaji kilipotishia kugoma wote pamoja. Kisha George Eastham, kwa msaada wa chama hicho hicho, aliishtaki klabu ya Newcastle iliyokataa kumwachilia, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akasema kwamba desturi ya kumshika mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni kizuizi kisicho haki.

Huko Ulaya, tarehe 4 Oktoba 2024, korti ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Lassana Diarra, mchezaji Mfaransa. Kanuni za FIFA zilisema kwamba mchezaji akivunja mkataba bila sababu ya haki, klabu mpya itakayomchukua italipa fidia pamoja naye, na kibali chake cha kuhama chaweza kuzuiwa. Kwa hiyo hakuna klabu iliyothubutu kumgusa. Korti ikasema kwamba kanuni hizo zapingana na uhuru wa wafanyakazi kuhama na pia na sheria ya ushindani, kwa maana zafanana na mapatano ya klabu kutochukuliana wachezaji. FIFA ndiyo inayoongoza mpira wa Kenya pia, kwa hiyo vijana wetu wanaocheza ng'ambo wanahusika.

JIBU LETU

Ndugu fundi aliyeuliza, umesema kweli kwamba matajiri kupatana wasichukuliane wafanyakazi ni jambo baya, na korti za nchi nyingine zimeliona hivyo. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, na Halmashauri imeamua kumpa wakili wa chama aisome pamoja na malalamiko yenu.

Lakini hatutaacha ada, wala hatutamtuma mtu mmoja kortini kama Flood, sisi tukabaki nyumbani. Twawaomba mambo matatu. La kwanza, kila aliyekataliwa kazi kwa sababu ya barua ile aje ofisini aandikishe siku, mahali na maneno aliyoambiwa. Njama haina risiti. Dawa yake ni ushahidi wa watu wengi. La pili, katika mazungumzo yajayo tutadai kifungu kimoja kinachokataza barua hiyo, na kingine kinachosema kwamba ugomvi juu yake utaamuliwa na mtu asiye wa upande wo wote. Mapatano ya pamoja yakisajiliwa katika Korti ya Kazi hushika pande zote mbili, na huwa sehemu ya mkataba wa kila anayehusika. La tatu, siku mwenzetu wa kwanza atakaposimama kutoa ushahidi, tujaze chumba. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chatupa haki ya kuwa na chama, kuzungumza kwa pamoja na kugoma. Karatasi hiyo tunayo. Kilichobaki ni miguu yetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Flood alikuwa kidole kimoja, akaumia. Wenzake walipokunja ngumi, kufuli likafunguka.

Wenu katika kazi,

Halmashauri ya Elimu